Maktaba Iliyouza Madawati Yake

Wako kwetu waheshimiwa ambao, elimu inapotajwa tu, hugeuza nyuso kuelekea Oxford kama waelekeao kibla, na hao bila shaka wanafahamu kwamba ukumbi wa maktaba wa Duke Humfrey, uliofunguliwa mwaka 1488, uliporwa vitabu vyake mwaka 1550 na wakereketwa wa madhehebu mapya, na kwamba mwaka 1556 wakuu wa chuo, walipoyaona madawati yamekaa bure, walifanya lile ambalo wakuu wa vyuo hulifanya siku zote kwa ustadi: waliunda kamati ya kuyauza. Kwa zaidi ya miaka 40 chuo kikatunuku shahada pasipo maktaba yake, wala shahada hizo hazikupungukiwa heshima. Akaja Thomas Bodley, aliyemwoa mjane wa tajiri wa biashara ya dagaa, akaufungua ukumbi upya mwaka 1602. Ndiyo kusema, ilmu ile tunayoistahi ilinusurika kwa fadhila ya samaki. Tabia ya kuuza, hata hivyo, haikukoma: katika karne ya 17, ilipopatikana chapa mpya ya tamthilia za Shakespeare, ile ya kwanza, ya mwaka 1623, iliondolewa kama takataka, na mwaka 1906 nakala ile ile, ambayo kurasa zake za Romeo na Juliet wanafunzi walikuwa wamezichakaza kuliko zote, ikanunuliwa tena kwa pauni 3,000.