Jinsi ya Kwenda Kuona Vita Arusha Ukitokea Baray

Jambo la kwanza, usimwambie mtu kwamba unakwenda makumbusho. Kijijini watadhani una kesi mjini unaificha. Sema unafuatilia bei ya vitunguu. Hapo hakuna atakayekuuliza zaidi.

Amka kabla ya jogoo. Shati jeupe vaa tu ukipenda, lakini kuanzia Mang'ola hadi Karatu vumbi ndilo litakaloamua rangi yake. Baada ya Karatu ni lami. Mto wa Mbu nunua ndizi nyekundu, kisha jiandae: tayari uko wilaya ya Monduli, penye chuo cha maofisa wa jeshi letu. Hilo ndilo jeshi hai utakalolikaribia siku nzima, na ndilo usiloruhusiwa kulipiga picha. Weka simu mfukoni.

Ukifika Arusha ulizia Boma. Ukiulizia makumbusho ya vita utazungushwa mpaka jioni, kwa sababu kibao kinasema Makumbusho ya Elimu Viumbe. Toa kitambulisho cha NIDA mapema, kabla hujatozwa kiingilio cha mgeni kwa ajili ya ile kofia yako ya kitalii.

Ndani utakuta wadudu waliokaushwa na habari za binadamu wa kale. Salimia kwa adabu: Zinjanthropus aliyepatikana Oldupai mwaka 1959 ni mtu wa Ngorongoro, jirani yako kabisa. Umekula vumbi tangu alfajiri kwenda kumtembelea jirani.

Vita viko ukutani. Simama uani, weka kiganja kwenye ukuta. Ngome hii Wajerumani waliikamilisha mwaka 1900, kwa nguvu za Waarusha na Wameru walioshindwa vitani kisha wakalazimishwa kujenga nyumba ya aliyewashinda. Mwaka huohuo, tarehe 2 Machi, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha. Kamanda wa hapa, Luteni Georg Küster, wenyeji walimwita Bwana Fisi. Mimi naona walimwonea fisi. Sisi wa bonde la Eyasi fisi tunamjua: anaiba mbuzi, anakimbia. Hajawahi kumbebesha mtu mawe.

Tangu 1987 jengo ni makumbusho, na wadudu wamepewa kabati zuri la kioo, kila mmoja na jina lake. Kwa hiyo muulize mwongozaji: waliobeba mawe haya ni akina nani? Akikutajia hata mmoja, mpe chai. Akikurudisha kwa wadudu, watazame tu, umeshalipa.

Kama ulitaka kuona silaha, hukuwa na haja ya kutoka nyumbani. Kando ya Ziwa Eyasi mhunzi wa Kidatoga anautia msumari motoni, mivukuto inapumua, nyundo inaugonga mpaka unakuwa kichwa cha mshale, na Mhadzabe anaulipia kwa asali. Wazungu wanapanda ndege kuja kulitazama hilo. Wewe siku hiyo uko Arusha, unasoma majina ya mende.

Wakati wa kurudi usijidanganye kwamba safari ni ya siku moja. Giza likikukuta Karatu, lala hapohapo; gari la Mang'ola utalipata asubuhi.