Nyota Tano za Ukoo

Hapa mtaani Pasua, Moshi, ukishasema unajua kompyuta, umekwisha. Utaletewa simu iliyoingia maji, king'amuzi kilichogoma, fomu ya mkopo wa chuo ya mtoto wa jirani, na ukiwa na mkosi zaidi utaletewa tovuti. Mimi niliachiwa ya shemeji, mume wa dada yangu. Alianza Mlima Kilimanjaro kama mgumu akibeba mizigo, akawa mpishi, akawa muongoza wageni, hatimaye akasajili kampuni yake. Akamlipa kijana mmoja wa mjini amtengenezee tovuti, akachapisha kadi zenye picha ya Kibo, akakaa kibarazani kusubiri Wajerumani.

Wajerumani hawakuja.

Kusema kweli, hata wangetaka kuja wangepata tabu. Kampuni za kupandisha watalii Moshi ni nyingi, na tovuti zao zimefanana kama zilizaliwa siku moja: picha ya ubao wa Kilele cha Uhuru, mita 5,895, watu wamerusha mikono juu, na chini yake sisi ni bora, sisi ni salama, sisi ni nafuu. Tena Kilimanjaro yenyewe ni mlima, ni bia, ni maji ya chupa, ni basi. Ukiandika Moshi peke yake unaletewa Wajapani wanaopokea simu, na katuni za mchezo wa watoto wa Uingereza.

Lakini tovuti ya shemeji haikuwa hata mwisho wa foleni. Haikuwepo. Niliandika kwenye Google neno site, nukta mbili, kisha anwani yake bila kuacha nafasi. Hiyo ni njia rahisi ya kuona ni kurasa zipi za tovuti Google inazifahamu. Jibu: hakuna kitu. Nikaingia ndani ya WordPress, kwenye mipangilio ya usomaji, nikakikuta kile kiboksi kinachoziomba injini za kutafutia zisiingize tovuti kwenye orodha zao. Mafundi hukitia tiki wanapojenga, ili kazi isionekane ikiwa nusu. Huyu wetu alimaliza kazi, akachukua hela, tiki akaiacha palepale. Ni kama kufungua duka Soko la Pasua, ukapanga nyanya kwa mafungu, kisha ukashusha shata ukajifungia ndani.

Shemeji akampigia. Kijana akajibu bila aibu, "Bosi, wewe ulisema unataka tovuti. Hukusema ionekane."

Tiki ikatolewa. Nikaisajili tovuti kwenye Search Console, chombo cha bure cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti watu wameandika maneno gani hadi wakamwona, na nikawasilisha ramani ya kurasa zake. Haikupita muda mrefu shemeji akaanza kutamba mtaani kwamba yeye ni wa kwanza duniani. Kila asubuhi kabla ya chai aliandika jina la kampuni yake, herufi kwa herufi, kwenye simu yake mwenyewe, akajiona juu kabisa. "Shem, umeona? Namba moja!" Nikamwambia mgeni wa Munich halijui jina hilo, na kwamba simu inayofungua tovuti yake kila siku si shahidi wa kuaminika. Akasema nina wivu.

Yule fundi alikuwa na maujanja mengine. Chini ya ukurasa wa kwanza alijaza neno Kilimanjaro kwa maandishi meupe juu ya rangi nyeupe, ili binadamu asilione ila Google ilione. Google inaliona, na inalihesabu kuwa ni udanganyifu. Halafu akarundika maneno mengine kwenye sehemu iliyofichwa ya ukurasa, ile ya maneno muhimu. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba sehemu hiyo haiitumii kabisa kupanga matokeo. Mwaka huo fundi wetu alikuwa bado anajifunza irabu.

Kisha ikafika Desemba. Asiyejua Desemba ya Kilimanjaro aulize stendi: ukoo wote unapanda kutoka Dar es Salaam, mbuzi wanakwisha, mbege inachemka. Shemeji alikuwa amesikia kwamba maoni ya wateja yanasaidia biashara kupanda kwenye ramani za Google. Ni kweli, yanasaidia. Basi usiku wa Krismasi, kule kihambani Kibosho, akasimama mbele ya ukoo akiwa na bakuli la supu mkononi na kuagiza kila mwenye simu atoe nyota tano. Wote walitumia intaneti ya simu moja, ya mtoto wa shangazi.

Mjomba, ambaye kwa magoti yale anapanda ngazi za benki kwa kupumzika, akaandika kwamba alifika kileleni salama na mapambazuko yalimliza. Shangazi akaandika, "Mungu awabariki, nyama ilikuwa laini." Bibi alisaidiwa na mjukuu kusema kwamba atarudi mwakani na familia yake. Kufikia usiku wa manane kampuni isiyokuwa na mteja ilikuwa inapendwa kuliko mlima wenyewe.

Kanuni za Google zinakataza maoni ya kupanga, na mvua ya nyota usiku mmoja, kutoka kijiji kimoja, haihitaji mpelelezi. Sifa zote zilifutwa. Yakabaki maoni ya mtu mmoja tu: binamu anayemdai shemeji hela ya mbuzi, aliyesubiri arudi Dar, akaandika kwa bando lake mwenyewe. Nyota moja, na maelezo marefu.

Alama ya kampuni ya shemeji kwenye ramani nayo ilikuwa na vituko vyake. Zamani njia ya kawaida ya Google kuthibitisha biashara ilikuwa kutuma kadi ya posta yenye namba ya siri hadi mlangoni, jambo la kuchekesha kwa sisi tuliozoea kuandikiwa kwa S.L.P. ya shule au kanisa. Siku hizi mara nyingi wanataka video ya mahali penyewe, na baada ya ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa ina vibao vya majina. Shemeji alithibitishwa. Ila alama aliiweka kwa kidole gumba, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ikatua kwenye banda la ng'ombe la jirani. Mzungu wa kwanza kufuata ramani alikuta mama mwenye nyumba anakamua. Alikaribishwa vizuri, akanywa maziwa, akaondoka akiamini amefika ofisini.

Kilichotutoa kilikuwa swali. Nilimuuliza shemeji wageni humuuliza nini kabla hawajalipa. Akacheka. "Choo, shem. Wote wanauliza choo." Wanataka kujua usiku wa baridi pale Kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, mtu anajisaidia wapi. Shemeji analo jibu kamili: vyoo vya shimo vya kambini vikoje, hema la choo cha kubebeka linagharimu nini, ni mgumu yupi hulibeba na kulisafisha, na mzigo wa mgumu haupaswi kuzidi kilo 20. Anajua pia bahashishi hugawanywa vipi, na kwa nini Aprili utanyeshewa. Haya yote yamo kichwani mwake, na tovuti yake inasema tu kwamba yeye ni bora!

Nikamrekodi akiongea, nikaandika ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa kila swali, na kichwa cha ukurasa kikawa swali lenyewe kama mgeni anavyoliuliza. Awali kurasa zote zilibeba kichwa kimoja, jina la kampuni. Picha zilizotoka kwenye kamera zikiwa nzito kama gunia la mahindi nikazipunguza, nikazipa maelezo badala ya namba. PageSpeed Insights, kipimo cha Google cha kasi ya tovuti, nacho cha bure, kikaacha kuniandikia kwa rangi nyekundu.

Ukurasa wa choo ukazipita kurasa zote. Search Console ilipoonyesha maneno yaliyowaleta watu, shemeji alinyamaza kidogo. "Yaani nimepanda mlima maisha yangu yote nije kujulikana kwa choo?" Dada akamjibu kutoka jikoni kwamba ada ya shule haiulizi imetoka wapi.

Sasa wanampigia simu watu wasiojulikana, wanaahidi kumweka nafasi ya kwanza kwa malipo ya kila mwezi. Ukipigiwa wewe, muulize kwanza tovuti yake mwenyewe iko nafasi ya ngapi, kisha kata simu. Matangazo Google wanauza, na huyaandika kuwa ni matangazo. Nafasi kwenye matokeo ya kawaida hawaiuzi, na wao wenyewe wameandika kwamba hakuna mtu anayeweza kumhakikishia mwingine namba moja.