Shikamoo, Lumbesa

Tarakea imezoea vitu virefu. Mawenzi iko hapo juu, inawachungulia watu siku nzima. Lakini mrefu anayenishika roho mimi yuko sokoni: gunia la viazi lililojaa, likaongezwa, likaongezwa tena. Jina lake Lumbesa.

Mtazameni anavyozaliwa. Gunia likijaa hadi mdomoni, mfungaji hashoni. Anapanga viazi kwa mkono, kimoja kimoja, kufuata ukingo, shazia na kamba zikipanda navyo, mpaka gunia linavaa kilemba. Mkulima amesimama kando kama mgeni rasmi. Bei imeshapatanwa, bei ya gunia moja. Na gunia, nani abishe, ni moja.

Sheria nyingi za walaji humlinda mnunuzi asipunjwe na muuzaji. Lumbesa kaziba pengo: yeye anahakikisha muuzaji naye anapunjwa.

Fadhila yake kubwa, hata hivyo, ni kwa serikali. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, iliyotungwa mwaka 1982, inampa Waziri mamlaka ya kutunga kanuni. Watu wote wangepima kwa mizani, mamlaka hayo yangekaa bure! Kwa heshima ya Lumbesa kanuni zikatungwa: mazao ya shamba yasifungashwe kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa 2002, inamkemea. Viongozi wanakuja, wanampiga marufuku upya, na Lumbesa, mstaarabu huyu, hajawahi kumkatiza mtu hotuba. Angetii mara ya kwanza, waliofuata wangesema nini?

Majirani nao hawakumsahau. Kenya ilitunga kanuni za viazi mwaka 2019: kilo 50 kwa gunia, basi. Hivyo Lumbesa wa Tarakea akivuka mpaka kwenda Loitokitok anavunja kanuni za nchi mbili kwa safari moja, na pasipoti hana.

Adui yake ni mmoja tu, mizani, na huyo hapendi kufika shambani ambako bei inapatanwa. Kanuni inakutana na Lumbesa barabarani, kwenye kizuizi, kamba zimeshakazwa, pesa zimeshalipwa, mkulima ameshapanda kwake na jembe begani. Hapo ndipo inapotoa faini. Dereva analipa, anaiongeza kwenye malipo ya kukodi gari, na msimu ujao mwenye mzigo anaikata kwenye bei ya viazi.