Bibi Ameshirikishwa Kikamilifu

Wanaodai utafiti wa huduma za wazee Uingereza hauwashirikishi wazee wenyewe wana husuda tu. Bibi hualikwa mapema kabisa: maswali yameshaandikwa, fedha zimeshagawanywa, naye ameachiwa heshima ya kuchagua rangi ya jalada. Hata bibi harusi huulizwa ridhaa mahari ikishaliwa.

Mhudumu wake naye kapandishwa cheo, sasa ni mtafiti. Mwongozo wa kitaifa wa 2015 unasema ziara ya nyumbani kwa kawaida isipungue nusu saa. Yeye akipewa robo saa anaogesha, analisha, anatoa dawa, na muda unaobaki anakusanya data. Maprofesa huomba likizo ya mwaka mzima kwa kazi hiyohiyo. Wavivu!

Bibi akitaka matokeo, karibu sana mkutanoni: ghorofa ya tatu, lifti ikishatengenezwa.