Jinsi ya Kumchunguza Papa Bila Kumpasua Tumbo

Tumbo la papa halina ushirikiano. Mara nyingi hukutwa tupu, au mwenyewe amelitapika lote palepale ndoanoni, au lina mabaki ya mlo wa jana ilhali wewe unataka habari za mwaka mzima. Achana nalo. Kata kipande kidogo cha mnofu, mwache aende zake, kisha anza umbeya wa kitaalamu.

Umbeya wenyewe uko kwenye isotopu thabiti, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito. Naitrojeni nzito hubaki mwilini kuliko nyepesi, hivyo mlaji humzidi mliwa. Kaboni hutaja mtaa: mlo unaoanzia kwenye nyasi bahari za pwani huwa na kaboni nzito zaidi kuliko ule wa kilindini. Majimaji ya damu (plazma) na ini husema ya karibuni. Msuli husimulia ya mwaka au zaidi. Kitoto kichanga usikiulize kitu, kitakusimulia alichokula mama yake.

Sasa kuosha, na hapa ndipo watu wanapoaibika. Papa huhifadhi yurea mwilini ili bahari isimnyonye maji. Aliyewahi kupita sokoni penye papa mkavu anajua harufu yake ikishaanza kuvunjika. Yurea hiyo ina naitrojeni nyepesi. Usipoisuuza, mnyama wako atashushwa cheo akaribie wala majani. Mafuta nayo yatoe, yana kaboni nyepesi, hasa yale ya ini ambayo mabaharia wetu huyaita sifa na kupaka vyombo. Kausha, saga, pima kama nusu miligramu ya unga, ufunge ndani ya kikopo kidogo cha bati. Ukipiga chafya, utafiti umeisha.

Jibu likija, chagua kanuni. Vitabu hutoa ongezeko la naitrojeni nzito la 3.4 kwa elfu kwa kila ngazi ya ulaji. Papa waliofugwa kwenye matangi walionyesha karibu 2.3. Kwa kubadili namba hiyo tu, papa hupanda cheo bila kung'ata kitu. Jambo hili lizike kwenye kiambatisho. Kisha ipe kompyuta orodha ya vyakula unavyovishuku, nayo itagawa asilimia bila kuuliza swali. Ukiipa kuku na ugali, navyo vitapata fungu lao.

Onyo moja. Kuna papa mdogo wa jamii ya kichwa-nyundo, bonnethead, ambaye tumbo lake huko Florida lilikutwa na nyasi bahari tele. Ikadhaniwa humeza kwa bahati mbaya akiwinda kaa. Mwaka 2018 watafiti wa California walitangaza kwamba waliwalisha papa watano mlo wenye asilimia 90 ya nyasi zilizotiwa kaboni nzito, na ngisi kidogo, kwa wiki tatu. Wote wakaongezeka uzito, na kaboni ile ikaonekana kwenye damu na ini. Kwa hiyo ukipata papa mla majani, msuuze tena. Akibaki vilevile, andika.