Mpango wa Kifungu cha 7

Jumatatu, 23 Juni

Nimefika Shinyanga saa tatu asubuhi nikitokea Dar es Salaam. Nilikuwa na masanduku mawili na cheti cha semina ya usawa kazini. Pale stendi nikauliza daladala ziko wapi. Kijana akanionyesha baiskeli. Nikamwambia sikuuliza baiskeli, nimeuliza daladala. Akasema ndiyo hizo hizo. Nilipanda nyuma, na sanduku kubwa likapanda daladala yake peke yake, likalipiwa nauli ya mtu mzima.

Kwenye gari la Mhunze, ninakokwenda kuanza kazi, tulipoiacha lami ya Mwanza pale Kolandoto, jirani yangu aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Kisarawe. Akauliza kama mimi ni Mzaramo. Nikakiri. Gari zima likacheka, na konda akatangaza kwamba Mzaramo analipa mara mbili, ya kwenda na ya deni la babu yake. Utani wa Wasukuma na Wazaramo naujua. Babu yangu aliuishi, baba akausimulia, mimi nimefika nao hadi semina, ambako uliwekwa ukurasa wa 9 chini ya kichwa "Viashiria vya hatari". Nililipa mara moja nikaandika namba ya gari.

Jumanne, 24 Juni

Kazi imeanza. Kiwanda chetu kinachambua pamba, na msimu umechanganya: malori yanaingia usiku na mchana, pamba inapeperuka hadi kwenye chai. Meneja amenikabidhi jukumu la kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuleta fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini. Meneja amesema sheria ni ya 2004, kwa hiyo hakuna sababu ya kukimbizana. Ila mpango uwe tayari Ijumaa.

Nimeanza na fomu. Jina, umri, jinsi, dini, kabila. Mhasibu, mtu wa Rombo, alisimamisha kalamu kwenye kabila. Akanikumbusha kwamba Serikali yenyewe iliuliza kabila kwenye sensa kwa mara ya mwisho mwaka 1967, na tangu hapo imeishi bila kujua na haijaugua. Nikamweleza kwamba ili tuthibitishe hatubagui kwa kabila, lazima kwanza tujue nani ni kabila gani. Alinitazama muda mrefu. Kisha akaandika "Mtanzania" kwa wino mwekundu.

Mpaka saa kumi habari zilikuwa zimefika kwenye mizani kwamba fomu ni orodha ya watakaopunguzwa. Watu watatu wamerudi kuomba fomu mpya. Wamebadili kabila.

Jumatano, 25 Juni

Fomu 46 zimerudi. Nilitarajia Wasukuma 31, maana ndivyo nilivyoambiwa getini. Nimepata tisa. Waliobaki wamejaza Mdakama, Mnyantuzu, Mtaturu mmoja, na watu kadhaa walioandika jina la kijiji. Kijana wa mashine ya kufunga marobota, aliyewahi kuchimba dhahabu Nyarugusu kule Geita, ameandika "Duara namba 4". Nimemwita. Amesema machimboni hawaulizani kabila, wanaulizana uko duara gani, yaani shimo gani, kwa sababu likititia mnafukiwa pamoja.

Nilimwomba karani wa mizani anisaidie kuwarudisha Wasukuma kwenye safu moja. Ni mzee mtulivu, anavaa koti la suti juani. Akaniambia sukuma maana yake kaskazini tu. Mtu wa upande wa Tabora akitazama huku anaona Wasukuma. Mtu wa huku akitazama kule anaona dakama, yaani kusini.

"Sasa wewe mtani, umesimama wapi unapouliza?"

Nikamwambia nimesimama ofisini. Nikamwomba pia asiniite mtani saa za kazi. Akaitikia "ndiyo, mtani" kwa heshima zote.

Mlinzi, ambaye kiwanda kizima kinamwogopa kwa kuwa ni Mkurya, anatoka Newala. Ameniomba nisiseme.

Alhamisi, 26 Juni

Binti wa mapokezi aliniletea barua. Akapiga goti, akasema "mwangaluka". Semina ilikuwa wazi kuhusu jambo hili: ishara zozote za unyonge mbele ya cheo zirekebishwe kwa upole na kwa mfano. Nikapiga goti na mimi, tuwe sawa. Akashtuka, akashuka goti la pili. Nikashuka la pili. Akainamisha kichwa. Nilipoinamisha changu, miwani ilianguka, tukaanza kuitafuta wote wawili chini ya meza.

Meneja aliingia hapo. Hakuuliza kitu. Alichukua faili lake akarudisha mlango taratibu.

Baadaye mama anayetupikia alinieleza kwamba binti hakunipigia goti mimi, alimpigia goti mtu mzima. Angempigia hata mfagiaji, kama ana mvi. Amenishauri niitikie tu "mwangaluka, mayu", nibaki kwenye kiti. Sasa binti ananipitishia barua chini ya mlango.

Ijumaa, 27 Juni

Mpango haujawa tayari. Leo nimeshughulikia chakula.

Fundi mkuu wa mashine anatoka Gujarat, India. Hali nyama, hali samaki, hali yai. Yuko hapa msimu wa nne na hajawahi kulalamika, jambo ambalo semina inasema ndilo dalili mbaya kuliko zote. Nikaingia jikoni kukagua. Mama mpishi akaniapia kwamba sahani ya fundi haina nyama hata chembe. Nikachungulia. Kweli ilikuwa na maharage na mchuzi. Mchuzi ulikuwa na macho ya mafuta.

"Huu mchuzi wa nini, mama?"

"Wa ng'ombe. Nyama nimeitoa yote, nimempa mlinzi."

Nilimwendea fundi nimeshika sahani kama kielelezo cha mahakamani. Anaongea Kiswahili alichofundishwa na vibarua, kwa hiyo ni Kiswahili chenye Kisukuma ndani, na "mwangaluka" yake ina mdundo kuliko yangu. Akaniambia polepole kwamba anajua tangu msimu wa kwanza. Ile sahani huwa anampa paka, kisha mama anampa michembe na karanga, na wote wawili hawalizungumzi. Akafungua droo. Ilikuwa na michembe iliyochemshwa, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani mpaka vikawa kama mbao, kisha vikarudishwa uhai kwa maji na karanga za kusaga. Alinikatia kipande. Ni kitamu kuliko chochote nilichokula tangu Morogoro.

Jioni mama mpishi alilia kwa sababu nimemwumbua mbele ya mgeni. Paka naye hakupata kitu.

Jumatatu, 30 Juni

Kwa kuwa kabila limenishinda, nimepanga vikosi vya kazi kwa kuchanganya umri na kijiji. Kwenye mashine ya marobota nimeweka watu wanane wasiofahamiana. Saa nne kukawa na kelele. Nilipofika, wanne walikuwa upande mmoja wakiimba, na wanne upande wa pili wakiimba kitu kingine kwa sauti kubwa zaidi.

Karani wa mizani alinipa maelezo. Kumbe fomu yangu ilikosa safu moja tu, nayo ndiyo yenyewe. Huku mcheza ngoma ni Mgika au ni Mgalu. Mambo haya yalianza karne ya 19 na watu wawili, Ngika na Gumha, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa za kuvuta watu. Mpaka leo, mavuno yakiisha, pande mbili huingia uwanja mmoja, zikacheza wakati mmoja, na watazamaji wakahamia wanakopenda. Anayebaki na watu ameshinda. Mtu na ndugu yake wa tumbo moja wanaweza kuwa pande mbili, wakalala nyumba moja bila kusalimiana mpaka Sabasaba ipite.

Nimewaita wote wanane kwa usuluhishi. Hawakuelewa nataka kusuluhisha nini. Wakarudi kazini wakiimba.

Mpaka jioni marobota yamezidi ya siku yoyote ya msimu huu. Sijui niyaandike chini ya migogoro au chini ya mafanikio. Nimeacha nafasi.

Jumatano, 2 Julai

Nilikwenda stoo ya vipuri kutafuta karatasi. Kwenye kona kulikuwa na kapu kubwa lenye kifuniko kilichofungwa kamba. Nikadhani ni karatasi.

Nilikuwa juu ya meza. Safari ya kufika huko siikumbuki.

Chatu alitoka bila haraka, akajikunja kwenye boksi la mikanda ya mashine. Nilipiga kelele ambazo naambiwa zilisikika kwenye mizani. Mlinzi wetu wa Newala alifika wa kwanza, akaona, akaondoka wa kwanza. Kibarua mmoja akaja anakimbia, si kwa ajili yangu bali kwa ajili ya nyoka. Yeye ni Myeye, wa chama cha wacheza na nyoka, na chatu yule anacheza naye Sabasaba. Mwenye nyumba amemkataza kulala naye, ndiyo maana akamhifadhi kazini. Nilimwuliza, nikiwa bado juu ya meza, kama alipata kibali. Akasema alimwomba fundi.

Fundi akaingia. Akavua viatu mlangoni. Akaunganisha viganja kifuani, akamwinamia chatu kidogo, kama mtu anayemkuta mkwewe sebuleni. Kwao kuna siku ya nyoka, mwezi kama wa Agosti, watu wanawapelekea maziwa. Akataka maziwa yaletwe. Myeye akamwambia hapana, chatu hanywi maziwa, anakula panya. Fundi akanyamaza. Nilimwona akihesabu mambo mazito. Myeye naye akafikiri. Kisha wakakubaliana kwamba nyoka abaki stoo mpaka Jumapili, na wakati wa chakula fundi atatoka nje.

Ilichukua kama dakika tatu. Hakuna aliyenihitaji, isipokuwa kwa sababu nilikuwa nimekanyaga kitabu cha vipuri.

Jumamosi, 5 Julai

Mama mzazi wa karani wa mizani amefariki jana, mzee sana. Kiwanda kimeniteua niwakilishe. Nilivaa suti, nikaandika kurasa mbili za rambirambi, nikapanda nyuma ya pikipiki hadi kijijini. Nilifika na vumbi jeusi la mbuga mpaka kwenye nyusi.

Nilipotambulishwa kwamba ni Mzaramo, wazee waligeuka wote. Wengine walisogeza viti. Nikadhani ni heshima kwa kampuni. Nikafungua karatasi nikaanza, "Kwa masikitiko makubwa". Nikafika aya ya pili. Kimya kilikuwa cha aina ambayo sijaizoea. Aya ya tatu sauti ilinikatika, nikalia kidogo.

Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu si Mzaramo. Mmedanganywa."

Mfiwa alinyanyuka pale kwenye mkeka akanijia. Macho yalikuwa mekundu.

"Mtani," akaniambia, "mama yangu anakungoja tangu jana uje umtukane, wewe unamsomea barua?"

Sikuwa na ukurasa wa hilo. Nikakunja karatasi. Nikakumbuka babu alivyokuwa akifanya, akikaa chini katikati ya njia ya jeneza mpaka alipwe. Nikakaa chini, na suti yangu, kwenye vumbi. Nikasema huyu mama hatoki hapa. Babu zake walipita kwetu Uzaramo na meno ya tembo kwenda Bagamoyo, wakala mihogo yetu kwenda, wakala kurudi, wakasema tutalipa tukipita tena. Sasa naona mwenye deni anatoroka kwa kujifunika shuka.

Uwanja mzima ukacheka, hata waliobeba machela. Mfiwa alicheka akiwa amenishika bega, kisha kicheko kikageuka, akalia kwa nguvu, na hakuniachia. Tulikaa hivyo mpaka mtu akanitupia shilingi mia tano, nikapisha njia.

Baada ya maziko wazee walinitoza faini kwa kuchelewa kutukana. Kuku mmoja.

Jumanne, 8 Julai

Sabasaba Wagalu wamebaki na uwanja. Wagika wanasema upepo uliwapeleka watu. Mashine ya marobota leo iko kimya upande mmoja.

Meneja ameuliza Mpango umefika wapi. Nimemwonyesha fomu 46, nyingine zimefutwafutwa. Nimeomba pia kurudishiwa shilingi 15,000 za kuku. Amesema hakuna fungu la kuku, na kwamba niambatanishe risiti.

Nimempeleka kuku kwa karani wa mizani, ambaye amerudi kazini na koti lake. Alimgeuza, akambonyeza kifua, akasema kuku mwembamba hivi lazima ni Mzaramo. Kisha akamweka kwenye mizani ya pamba. Ile mizani imetengenezwa kwa magunia. Mshale haukusogea. Tulisubiri wote wawili, na kuku naye alitulia. Karani akachukua kitabu cha risiti, akaweka karatasi ya kaboni, akaandika tarehe na jina langu, na kwenye uzito akaandika sifuri. Nakala ya njano nimebaki nayo. Faini bado nadaiwa.