Nilisema Tumbo

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nina watoto wanne, na uchi nimeuficha mwaka mzima na ushei, kwa hiyo kati yangu na wao kuna aliyekosea hesabu.

Mimi ni Msukuma wa Maswa. Kwetu jando halikuwa mila, na wengi wa rika langu tulikua hivyo hivyo na masweta yetu. Asiyejua mkono wa sweta ni nini amuulize kijana yeyote wa Dar es Salaam, ataelezwa kwa kicheko. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU na mwanamke kwa takriban asilimia 60, na baadaye matangazo yakafika hadi kwetu, na vipaza sauti juu. Nikasema hayo ni ya vijana. Sweta langu halina ugomvi na mtu, nilifumue la nini?

Basi mwaka juzi likaanza kubana shingo. Mwanzo kuwasha na wekundu. Kisha mipasuko midogo ukingoni, ile ambayo povu la sabuni likiigusa unaimba bila kupenda. Ikapona, ikarudi, na kila ikipona ukingo unazidi kuwa mweupe na mgumu, kama mshono wa gunia. Ikafika mahali nikienda haja ndogo ngozi inajaa kwanza kama puto, halafu mkojo unachungulia mwembamba na kuelekea unakotaka wenyewe. Mama watoto akalalamikia sakafu ya choo. Nikamsingizia kitinda mimba wetu. Ana miaka sita. Alisomewa risala ndefu, nami nimesimama pembeni nikitikisa kichwa kwa masikitiko.

Duka la dawa la mtaani sitaki hata kulikumbuka. Nimenong'ona, kijana akapaza sauti kama dalali: "Fangasi hiyo, mzee?" Akina mama watatu nyuma yangu wakaanza kusoma bei za panadol. Nikapaka, ikapoa, mwezi ukiisha imerudi. Tyubu tano hizo. Dawa haikuwa na kosa, fangasi walikuwepo kweli, ila hakuna aliyejiuliza wanakula nini.

Ndipo nikaenda hospitali, na lawama zangu zinaanzia dirishani. Nani aliyebuni lile tundu la kwenye kioo, lililowekwa chini kiasi kwamba ili usikike lazima uiname na kupiga kelele? "Unaumwa nini, baba?" Foleni nzima kimya. Lugha yetu tajiri imetupa "sehemu za siri", jina ambalo limeshakuamuru ufunge mdomo kabla hujaanza. Nikasema: "Tumbo."

Nikapewa kikopo. Nikapimwa choo. Nikarudi nyumbani na dawa za minyoo, na nilizimeza, maana nilikuwa nimeshazilipia.

Mara ya pili nikajikaza nikasema "njia ya mkojo". Ndani nikakuta daktari ni binti, rika la mwanangu wa kwanza. "Shikamoo baba." "Marahaba," nikaitikia. "Haya, shusha suruali." Akatazama sekunde kumi hivi. "Govi limebana," akasema, kama anayesema leo kuna mawingu. Nililisikia neno lenyewe, mchana kweupe, na dari halikuanguka.

Kisha akanichoma kidole. Nikawaza, binti huyu kapotea njia, tatizo liko huku. Mashine ikasoma 16.

"Mtu mzima ambaye govi lilikuwa linafunguka vizuri halafu likaanza kubana," akaniambia, "tunampima sukari kwanza." Sukari ikizidi kwenye damu inatoka na mkojo. Matone yanabaki chini ya ngozi, fangasi wanapata karamu, ngozi inachanika, inapona kwa kovu, kovu linabana. Tyubu tano, na kumbe nilikuwa nawahudumia chakula mwenyewe. Kwa mtoto mdogo, akasema, kubana ni kawaida, ngozi hujiachia yenyewe anavyokua; wanaoivuta kwa nguvu wakati wa kumwogesha ndio wanaomtengenezea makovu.

Nikaondoka na vidonge vya sukari, dawa ya fangasi, na krimu ya betamethasone ya kupaka mara mbili kwa siku kwa wiki sita, huku nikiivuta ngozi taratibu. Kwa wengi inatosha. Onyo moja alilirudia: ngozi ikivutwa nyuma ikagoma kurudi mbele, kichwa kinavimba, na hapo hakuna kusubiri kuche, ni hospitali usiku huo huo.

Mimi kovu lilikuwa limekomaa. Sukari iliposhuka nikapangiwa tohara. Wakanipangia Juni, shule zimefungwa, benchi zima vitoto vya miaka kumi na mbili. "Shikamoo babu." Babu! Mmoja akaniuliza nimemleta mjukuu yupi. Nikamwambia yuko ndani.

Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma. Mengine nilisikia kuvutwavutwa tu, nusu saa ikaisha. Wale watoto baada ya wiki walikuwa wanafukuzana. Mimi nilitembea kibatabata ndani ya kanga ya mama watoto. Na daktari akatamka mbele yake kwamba mambo ya chumbani ni marufuku wiki sita, habari aliyoipokea kwa utulivu ambao mpaka leo unanipa mawazo.

Kitinda mimba nimemnunulia baiskeli, bila maelezo.

Nawe unayesoma huku umebana magoti: kama la kwako lilikuwa halina shida na sasa limeanza kubana, kapime sukari wiki hii. Na pale dirishani usiseme tumbo.